Supu, Dimbwi na Magadi: Uhakiki wa Lugha ya Watafutao Asili ya Uhai

Katika zoezi moja la tafsiri tulilopata kuwapa wanafunzi wetu, palitokea sentensi iliyosema kwamba wataalamu wa Marekani wamepeleka chombo katika sayari ya Mirihi "kutafuta maisha". Darasa zima liliangua kicheko, na mwenye kuiandika hatimaye akacheka pamoja nao. Sentensi haikuwa na kosa la sarufi. Upatanisho wake ulikuwa sawa, na maneno yake yote yamo kamusini. Lakini kila asemaye Kiswahili ajua kwamba anayekwenda kutafuta maisha ni kijana aliyewaaga wazee wake kijijini, akapanda basi la usiku kwenda Nairobi au Mombasa, na huko atauza karanga au atabeba mizigo hadi Mungu amfungulie. Chombo chenye magurudumu sita hakikwenda Mirihi kuhangaikia riziki.

Kicheko kile ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Kwa kawaida uhakiki katika idara zetu za lugha hukomea kwenye riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi ya sayansi huachiwa wanasayansi, kana kwamba wao hawatumii lugha bali namba tu. Sivyo. Utafiti wa asili ya uhai, pamoja na ule wa kutafuta uhai nje ya dunia yetu, umejaa tamathali za usemi kuliko diwani nyingi tunazozifundisha. Tena tamathali hizo si mapambo. Dai letu ni kwamba zimesaidia kuamua, mara nyingi pasipo wenyewe kutambua, ni nini kitafutwe, kitafutwe wapi, na kikionekana kiitweje. Mwandishi wa Kiswahili anayezihamisha kama zilivyo huhamisha na maamuzi hayo, na msomaji wake hana njia ya kujua kwamba amekwisha amuliwa.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa jambo hili, na neno hilo hubeba mzigo wote: pumzi ya mbwa, kazi ya mtu, mwenendo wake, na miaka aliyokaa duniani. Kiswahili kimeugawa mzigo huo. Maisha ni mwendo wa kuishi, na ndani yake mna wakati, riziki, raha na taabu. Ndiyo maana twasema maisha marefu na maisha magumu. Uhai ni hali ya kutokuwa mfu: jiwe halina, na mgonjwa mahututi angali nao hata kama maisha yake yamekwisha vurugika. Uzima unakwenda mbali zaidi. Kizima ni kisichopungua. Embe huwa zima, aliyekomaa huitwa mtu mzima, na aulizwaye hali hujibu kwamba yu mzima. Roho tuwaachie wenye dini.

Sasa, wanasayansi wanatafuta lipi kati ya haya? Katika mwaka wa 1994 kamati iliyoshauriana na shirika la anga la Marekani, NASA, ilikubaliana juu ya fasili ambayo imerudiwa mno tangu wakati huo: kwamba uhai ni mfumo wa kikemia unaojitegemeza, na unaoweza kupitia mageuzi ya namna aliyoyaeleza Darwin. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba hamna maisha humo. Kule kujitegemeza kwaelekea zaidi uzima kuliko uhai. Na sehemu ya pili, ile ya mageuzi, haimhusu mnyama mmoja bali kizazi baada ya kizazi. Nyumbu aliyezaliwa na farasi na punda hazai, kwa hiyo peke yake hapiti katika fasili hiyo, ingawa mpigie kelele uone kama hakukupiga teke. Mwanafalsafa Carol Cleland, akishirikiana na Christopher Chyba, alitoa hoja mwaka wa 2002 kwamba kosa haliko katika fasili hii au ile, bali katika kudhani kwamba fasili yatosha. Kabla ya kemia kujua molekuli, asema, mtu aliyeyafasili maji kwa wepesi wa kutiririka na kukosa rangi alikuwa ameeleza matumizi ya neno tu. Alichokosa ni nadharia ya kitu. Nasi twakubaliana naye, kwa sharti moja: kwamba wakati tunaingojea nadharia, neno bado lazima litumike, na atumiaye lazima achague. Sisi twachagua uhai, kwa sababu ndilo lililo finyu kuliko yote, na katika sayansi neno finyu hudanganya kidogo kuliko neno pana.

Neno la pili la kutazamwa ni kiumbe. Vitabu vyetu vya shule husema "viumbe hai", nasi twalitamka bila kuwaza. Lakini ndani ya kiumbe mna kitenzi kuumba, na kuumba kwamtaka muumbaji. Mwandishi aelezaye jinsi viumbe wa kwanza walivyotokea kwa njia ya kemia tupu amekwisha sema kwa nomino yake kinyume cha anachokisema kwa sentensi yake. Hatusemi kwamba neno litupwe. Twaendelea kusema jua limechomoza na jua limetua, ingawa twajua kuwa dunia ndiyo izungukayo, na hakuna mwanafunzi aliyepotoka kwa sababu hiyo. Tunalosema ni kwamba Kiswahili kimempa mwandishi chombo cha kuyatenga mambo haya, nacho ni vinyambuo vya kitenzi. Uhai uliumbwa, uhai uliumbika, uhai ulizuka. Kauli ya kutendwa yadai mtendaji hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka haimdai wala haimkatai. Mwalimu mwenye darasa la Waislamu, Wakristo na wasiokuwa na dini aweza kusema "uliumbika" na asimwongopee hata mmoja wao. Waingereza hawana kiambishi cha namna hiyo, na ugomvi wao wa muda mrefu juu ya jambo hili katika shule huenda ungepungua makali kidogo lau wangalikuwa nacho. Hili la mwisho ni utani, lakini si utani mtupu.

Tuingie sasa katika matini. Charles Darwin hakuandika kitabu juu ya asili ya uhai. Alichokiacha ni sentensi chache katika barua ya faragha aliyompelekea rafiki yake Joseph Hooker mwezi wa Februari 1871. Humo alimtaka rafiki yake awaze dimbwi dogo lenye maji ya vuguvugu, ndani yake mna amonia na chumvi za fosforasi, pamoja na mwanga, joto na umeme, hadi ikafanyika kemikali ya namna ya protini iliyo tayari kupitia mabadiliko zaidi. Akaongeza kwamba siku hizi kitu kama hicho kingeliwa mara moja, jambo ambalo lisingalitokea kabla ya kuwako viumbe wa kukila. Ni barua ya mtu anayewaza kwa sauti. Kwa jicho la mhakiki, neno lililo zito kuliko yote humo si dimbwi bali ni "kama", kwa maana Darwin alipokwisha kuliandika alisita katikati ya sentensi akastaajabia ukubwa wake.

Waliomfuata walichukua dimbwi wakaiacha "kama". Katika Kiingereza jambo hilo ni rahisi, kwani sharti hukaa nje ya kitenzi, na mwenye kunukuu aweza kulikata kama mtu akatavyo kishada cha ndizi. Katika Kiswahili sharti limo tumboni mwa kitenzi. Mfasiri wa barua ile hana budi kuamua baina ya -nge- na -ngali-: kwa kitu ambacho leo kingeliwa, -nge-, kwa kile ambacho zamani zile kisingaliliwa, -ngali-. Wanafunzi wetu, na hata baadhi ya waandishi wetu, siku hizi huvichanganya viambishi hivi viwili kana kwamba ni kimoja. Hapa ndipo mahali pa kuwaonyesha hasara yake. Barua nzima ya Darwin imesimama juu ya tofauti ya nyakati mbili, ile ambayo mlango ungali wazi na ile ambayo ulikwisha fungwa, na mfasiri anayetumia -nge- kote ameibomoa.

Baada ya dimbwi ikaja supu. Mrusi A. I. Oparin alichapisha kijitabu chake Moscow mwaka wa 1924, na Mwingereza J. B. S. Haldane akaandika insha fupi mwaka wa 1929. Wala hakuna kati yao aliyemtegemea mwenzake. Oparin aliwaza habari ya matone mazito yanayojitenga ndani ya maji. Haldane aliwaza bahari nzima ya kale ikipigwa na miale ya jua hadi ikajaa kemikali za kaboni na kuwa kama supu ya moto iliyo nyepesi. Picha ya Haldane ndiyo iliyoshinda, na sababu haikuwa sayansi. Ilishinda kwa kuwa kila mtu amepata kunywa supu.

Lakini supu ni nini? Hapa mhakiki wa Kiswahili ana neno la kusema ambalo Mwingereza, kwa mazoea yake ya supu ya mkebe, huenda asiliwaze. Mtu aketiye kibandani asubuhi mbele ya bakuli la supu ajua vema kwamba kabla ya supu kulikuwa na mbuzi. Supu hutoka katika kilichokuwa hai, haimtangulii. Ina mpishi, ina sufuria, ina moto uliowashwa na mtu kwa makusudi. Istiari ya Haldane imegeuza mambo yote haya kichwa chini: supu imekuja kwanza, mbuzi atafuata, na mpishi hayupo. Istiari njema yaweza kupindua mambo, hilo si kosa. Kosa ni kwamba imeficha tatizo ambalo wanakemia wenyewe walikuja kulilalamikia, nalo ni wembamba wa hiyo supu. Bahari ni kubwa mno. Kemikali zikimwagwa humo hutawanyika badala ya kukutana, na maji, ambayo tumezoea kuyasifu kuwa ndiyo uhai, huzivunja molekuli ndefu badala ya kuziunganisha. Dimbwi hukauka, na likikauka vilivyomo hukaribiana. Supu ya bahari haikauki. Basi zile zilikuwa nadharia mbili zenye kupingana, lakini vitabu vingi vya shule vimezitia katika sentensi moja kama kwamba supu ni jina lingine la dimbwi.

Mtu atauliza kama haya si ugomvi wa maneno tu. Tutazame basi majaribio. Mwaka wa 1953, Stanley Miller, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Profesa Harold Urey, alichemsha maji ndani ya chupa zilizounganishwa kwa mirija, akatia methani, amonia na haidrojeni, kisha akapitisha cheche za umeme mahali pa radi. Baada ya juma moja maji yalikuwa mekundu na yenye ukungu, na ndani yake zikaonekana asidi za amino, zile ambazo protini hujengwa kwazo. Makala yake katika jarida la Science hayakuzidi kurasa chache. Urey hakutaka jina lake litiwe, asije akammeza mwanafunzi wake kwa umaarufu, na ustaarabu huo unastahili kukumbukwa na maprofesa. Lakini linalotuvutia sisi ni kichwa cha makala. Chatamka kufanyika kwa asidi za amino katika hali zinazoweza kuwa zilikuwako katika dunia ya kale. (Tunaomba asitokee mfasiri wa kuiita "dunia ya kishenzi", kama neno lile lilivyofasiriwa zamani.) Uhai haukutajwa hata kidogo. Neno "zinazoweza" limekaa pale kama mlinzi mlangoni, na historia imelitetea, maana wanasayansi wengi walikuja kuona kwamba hewa ya dunia changa yaelekea ilikuwa ya kaboni dayoksaidi na naitrojeni zaidi kuliko methani na amonia. Chupa zilizobaki kutoka maabara ya Miller zilifunguliwa na kupimwa upya baada ya kifo chake cha mwaka wa 2007, na katika zile za jaribio lililoiga mvuke wa volkano zikaonekana asidi za amino zaidi ya 20. Aliyekuwa mwangalifu kwa maneno alikuwa amepata mengi kuliko aliyojua.

Tofauti na huyo ni safari ya Viking. Vyombo viwili vya Marekani vilitua Mirihi mwaka wa 1976, kimoja mwezi wa Julai na kingine Septemba, kila kimoja na majaribio matatu ya kutafuta uhai. Katika moja la majaribio hayo udongo wa Mirihi ulimwagiwa maji yenye virutubisho vingi mno, na watafiti wenyewe wakayabandika jina la mzaha: supu ya kuku. Basi istiari ya mwaka wa 1929 ilikuwa imepewa mwili, ikatiwa ndani ya roketi, ikafikishwa kwenye sayari nyingine. Hatudai kwamba Haldane ndiye aliyeyaagiza majaribio hayo. Twadai kwamba desturi ya kuuwaza uhai kama mlaji ilikuwa imekwisha zoeleka hata ikaonekana ni jambo la kawaida kubisha hodi kwa jirani usiyemjua ukiwa umebeba bakuli, na kumhukumu kuwa yuko au hayuko kwa namna atakavyolipokea. Udongo ulipopata unyevu tu, kabla hata haujaguswa na supu yenyewe, ulitoa oksijeni. Katika jaribio jingine, lenye virutubisho vilivyotiwa kaboni ya mnururisho, gesi ilitoka upesi, lakini virutubisho vilipotiwa tena haikuongezeka. Na chombo cha kupima kemikali za kaboni hakikuona cha Mirihi chenyewe. Wengi wakaamua kwamba ule ulikuwa mchezo wa kemia ya udongo. Mwaka wa 2008 chombo cha Phoenix kilikuta chumvi za pakloreti katika udongo wa sayari hiyo, ambazo zikipashwa moto huweza kuziharibu zile kemikali zilizokuwa zikitafutwa. Kwa hiyo hata jibu la "hapana" la mwaka wa 1976 halikuwa imara kama lilivyotangazwa. Mwenyeji ambaye hakula hakuthibitishwa kuwa hayuko.

Twafika sasa mahali ambapo Kiswahili kina neno ambalo wengine wanalitafuta. Fosfati ni lazima kwa uhai tuujuao: yashikilia uti wa DNA na RNA, na kwayo seli huhifadhi nguvu zake. Lakini katika maji ya kawaida fosfati ni haba, kwa sababu kalsiamu huikamata na kuigeuza jiwe. Darwin alizitia chumvi za fosforasi katika dimbwi lake kwa kalamu. Ni nani angezitia kwa hakika? Mwaka wa 2020, Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa jibu lenye uzito. Katika maziwa yenye kaboneti nyingi, kaboneti ndiyo inayoikamata kalsiamu kwanza, na fosfati hubaki majini, ikiongezeka kadiri maji yanavyokauka. Miongoni mwa maziwa waliyoyatolea mfano ni Mono la Marekani, Lonar la India, na Magadi la hapa kwetu Kenya.

Msomaji wetu hahitaji kuelezwa magadi ni nini. Ni yale mapande meupe anayoyauza mama sokoni, yatiwayo katika maharage na kunde ili yalainike, na yanayochanganywa na tumbaku. Magadi huchimbwa katika ziwa hilo la Bonde la Ufa kwa ajili ya viwanda vya kioo kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Hata hivyo tumeona waandishi wa Kiswahili, walipofika kwenye habari hii, wakiandika "soda" au "sodiamu kaboneti" na kuliacha neno la jikoni nje ya mlango, pengine kwa kuona kwamba si la kisomi. Wamekosea mara mbili. Kwanza, neno liko na lina maana ileile. Pili, picha iliyomo ndani yake ni bora kuliko supu. Magadi ni kitu kinachobaki maji yakiondoka. Humwonyesha msomaji ukingo wa ziwa wakati wa kiangazi, maji yakirudi nyuma na chumvi ikibaki nchi kavu, na hiyo ndiyo hali ambayo nadharia ya dimbwi inaihitaji na supu haiwezi kuitoa.

Wala jambo hili halikukoma Kajiado. Chombo cha OSIRIS-REx kilichota udongo wa asteroidi iitwayo Bennu mwaka wa 2020, na tarehe 24 Septemba 2023 mzigo huo ukateremka jangwani Utah, gramu 121.6 kwa jumla. Wanasayansi walipotoa habari zake Januari 2025, walisema wamepata asidi za amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe wa dunia huzitumia katika protini, pamoja na besi zote tano za DNA na RNA. Walipata pia madini ya chumvi yaliyobaki baada ya maji kukauka zamani sana, na mojawapo ya madini hayo ni trona, ambayo kwa Kiswahili ni magadi. Halikadhalika Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali: vumbi la barafu lililopimwa na chombo cha Cassini lilipochunguzwa tena, ilitangazwa mwaka wa 2023 kwamba limo fosfati, na kwamba bahari iliyofichika chini ya barafu ile yaelekea kuwa ya magadi. Mwandishi anayetaka kumweleza mkulima wa Kajiado au muuza kunde wa Lamu ni nini kilichoonekana mbali hivyo ana neno moja tayari mdomoni. Asilidharau.

Hapa lakini yafaa tujihadhari, maana tumeanza kuipenda istiari yetu wenyewe. Bennu haina uhai. Asidi zake za amino zimegawanyika karibu nusu kwa nusu, za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia, hali viumbe wa dunia hutumia za kushoto katika protini zao. Matofali yaliyomwagwa kiwanjani si nyumba, na magadi yasiyotiwa kunde hayashibishi mtu.

Imebaki lugha ya ushahidi. Mwezi wa Agosti 1996 kikundi cha watafiti kikiongozwa na David McKay kilitangaza habari za jiwe la Mirihi, ALH84001, lenye uzito wa karibu kilo 2, lililookotwa Antaktika mwaka wa 1984. Walitoa hoja kadha: vipande vya kaboneti, kemikali za kaboni, chembe za sumaku, na maumbo madogo mno yanayofanana na mabaki ya bakteria. Kisha wakakiri kwamba kila hoja peke yake yaweza kuelezwa vinginevyo, ila wakashikilia kwamba zikiwekwa pamoja zaelekea uhai. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini kibaba cha nafaka. Makapi hata yakijaa pishi hayawi unga. Katika miaka iliyofuata wengi waliona kwamba hoja zile zaweza kuelezwa bila uhai. Rais Clinton alisimama bustanini Ikulu akalihutubia taifa juu ya jiwe hilo. Mwaka uliofuata filamu ya Contact, ambayo ni hadithi ya kubuni kuhusu ujumbe kutoka kwa viumbe wa mbali, ilizichukua picha za hotuba hiyo ikazitia ndani ya kisa chake, na maneno ya Rais yakakaa humo sawasawa. Hatujui uhakiki mkali zaidi uliopata kufanyiwa hotuba. Maneno yaliyosemwa juu ya jiwe yakifaa vilevile kwa wageni wa angani wasiokuwako, basi hayakuwa yamesema lolote juu ya jiwe.

Tangu hapo watafiti wamejifunza kusema kwa tahadhari. Mwaka wa 2024 chombo cha Perseverance, kilichotua Mirihi Februari 2021, kilikuta katika bonde la Jezero mwamba wenye madoa ambayo wataalamu wameyaita madoa ya chui. Makala yaliyotoka katika jarida la Nature Septemba 2025 yaeleza kwamba madoa hayo yana madini mawili, moja la chuma na fosfati, jingine la chuma na salfa, ambayo hapa duniani mara nyingi hufanywa na vijidudu, ingawa yaweza kufanyika pasipo wao. Neno uhai halimo katika kichwa cha makala hayo, kama lilivyokosekana katika kile cha Miller.

Mfasiri afikapo hapo ana maneno manne mbele yake. Ushahidi ni wa mahakamani, na umepita kiasi. Alama huachwa na aliyepita, kwa hiyo imekwisha kumkubali mpitaji. Ishara hutolewa na mtu anayetaka kuonekana, na vijidudu, kama walikuwako, hawakutupungia mkono. Limebaki dalili. Dalili ya mvua ni mawingu, na kila mkulima wa nchi kavu amepata kuyatazama mawingu yakipita juu ya shamba lake yakaenda zake. Sisi tungeandika kwamba yameonekana madoa ambayo huenda yakawa dalili ya uhai wa kale, tena "huenda" hiyo isitupwe na mhariri kwa kutafuta nafasi. Kipande cha mwamba chenyewe kingali Mirihi, ndani ya kijibomba kilichozibwa, na bado haijapangwa safari ya hakika ya kukileta.